Michezo ya sherehe kwa watoto wa miaka 9 hadi 12: tunayoyaamini na yalivyo

Mpwa wangu alipotimiza miaka 11, dada yangu alikodi lile kasri la kurukia linalopulizwa hewa, akaliweka uani kwake Tudor, Mombasa. Waliorukaruka ni vitoto vya miaka 5 na 6 vilivyoletwa na mama zao. Wenye sherehe walijikalia barazani, kila mmoja na simu. Dada akanigeukia: "Si nilikwambia, wa umri huu hawachezi tena."

Dhana hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Wanacheza sana. Wanachokikimbia ni kuonekana watoto mbele ya wenzao. Umri huu miili inabadilika, tena haibadiliki pamoja: msichana aweza kuanza kubaleghe na miaka 8 au akachelewa hadi 13, mvulana kati ya 9 na 14. Kwa hiyo kwenye baraza moja utamkuta aliyemfikia mamake kwa urefu, na kando yake rika lake anayemfika begani. Mchezo wa nguvu tupu, au wa kumsimamisha mmoja acheze densi huku wengine wakimtazama, utawafanya wengi wao wajifiche nyuma ya simu.

Siku ile nilichana karatasi nikaandika vitendawili, nikawagawa makundi matatu, wakubwa na wadogo wakichanganyika. "Kuku wangu katagia mibani." Waliojua ni nanasi walikimbilia jikoni, wakakuta karatasi ya pili chini ya nanasi. "Mzungu katoka Ulaya, mkono kiunoni." Hao kwenye kabati la vikombe! Kundi likishindwa lilinipa mji, kama desturi ilivyo. Nikishakwenda Lamu na kurudi, nawaongezea kidokezo, na dakika mbili zao zimekwenda. Simu zilibaki barazani zaidi ya nusu saa bila mwenyewe.

Wengi pia huamini kwamba mchezo hauna ladha bila watu kutolewa. Tazama viti vya muziki. Anayetoka wa kwanza mara nyingi ni yule mpole, mgeni wa kundi, aliyehitaji kucheza kuliko wote, na ndiye atakayekaa pembeni muda mrefu zaidi. Ondoa viti, usiwaondoe watoto: kila muziki ukinyamaza, wote wabanane kwenye viti vilivyobaki bila mguu kugusa chini. Kwenye mchezo wa kati vilevile, aliyepigwa mpira asitoke, abadilishane na aliyemrushia. Ushindani upo palepale, na hakuna anayeaibika.

Halafu sukari. Watoto wakianza kupiga kelele, lawama huangukia keki na soda. Mwaka 1995 jarida la tiba la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa majaribio 23 yaliyolipima jambo hili, na haukuonyesha kwamba sukari inabadilisha tabia za watoto. Sukari nyingi ina madhara yake, meno kwanza, lakini vurugu za sherehe huletwa na msisimko wenyewe, na hasa na muda mtupu. Mimi huandaa mchezo mmoja wa ziada kwa ajili ya ile robo saa ya kungoja viazi karai viive.

Zawadi kubwa kwa mshindi mmoja? Achana nayo. Pakiti za mabuyu na achari za kugawana kundi zima zinatosha.

Dhana ya mwisho ni yetu sisi watu wa pwani: "Bahari iko pale, twende tu." Bahari iko, mchanga je? Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Uwanja wa kati uliouchora saa nane unaweza kuwa chini ya mawimbi saa kumi, na watoto wanaendelea kuukimbilia mpira. Tazama jedwali la maji au muulize mvuvi siku ileile, kwa sababu saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku. Ya wiki iliyopita hayakufai. Hata maji yakiwa yamekupwa, weka mtu mzima anayejua kuogelea, kazi yake iwe kutazama tu, asipewe mshikaki wa kugeuza.

Wazazi wa wageni waulize mapema kuhusu chuo (madrasa) cha wikendi na swala. Sherehe inayoanza baada ya alasiri huwapata wengi, na jua la kaskazi huwa limepoa kidogo. Sahani beba za nyumbani za kuoshwa: tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye fukwe za Kenya, pamoja na vikombe, vijiko na mirija.