Tangi la Matumbawe: Anza na Kipimo cha Ualkali

Mtu aliyeanza kufuga matumbawe akituuliza anunue kipimo gani cha maji, nasi humuuliza: unataka kujua nini, na utapima mara ngapi? Karatasi za kuchovya hutoa jibu haraka, ila rangi zake zinaruka hatua kubwa mno. Zinaweza kukustua kuwa tangi jipya lina amonia. Kulea matumbawe magumu kwa karatasi hizo sikushauri.

Nunua kwanza kipimo cha ualkali, yaani akiba ya bikaboneti na kaboneti iliyomo majini. Matumbawe hujenga mifupa kwa akiba hiyo pamoja na kalsiamu. Maji ya bahari yana ualkali wa karibu 7 dKH (dKH ni digrii za kupimia ualkali). Wengi hukimbilia kupima kalsiamu, lakini tazama hesabu: ujenzi wa mifupa ukila 1 dKH, kalsiamu hupungua miligramu 7 hivi tu kwa lita. Kalsiamu ikiwa miligramu 420 kwa lita, upungufu huo kipimo cha nyumbani hakiuoni. Ualkali ukitoka 8 kwenda 7 utauona siku hiyo hiyo, kabla tumbawe halijaanza kuchubuka.

Kipimo cha matone kinatosha. Pima mililita 5 za maji kwa bomba la sindano, ukihakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani, maana kiputo hukuibia maji na jibu linapotoka. Shika chupa ya matone wima kabisa. Ikilala, matone hubadilika ukubwa. Dondosha moja moja, ukitikisa, karatasi nyeupe ikiwa nyuma, mpaka rangi igeuke kama maelezo ya kifaa yanavyosema. Kwenye vifaa vingi tone moja ni 1 dKH. Ukitaka usahihi zaidi, tumia mililita 10, na kila tone litahesabika kama nusu.

Fosfati ni kesi nyingine. Kati ya miligramu 0.03 na 0.08 kwa lita jicho halitofautishi ubuluu hafifu wa kipimo chake, hapo kifaa cha elektroniki cha kusoma rangi kina thamani ya pesa yake, mradi kichupa kifutwe alama za vidole.

Uchunguzi wa maabara wa ICP husoma elementi nyingi kwa mkupuo. Utakufichulia shaba, ambayo huua kamba na konokono. Ualkali, hata hivyo, haupimi, na majibu huja baada ya siku kadhaa wakati maji yameshabadilika.

Yote hayo yanategemea chumvi. Sahihisha refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, kwa myeyusho wa chumvi wa sehemu 35 kwa elfu, maji safi peke yake hayatoshi. Chumvi ikiwa 32, kalsiamu ya bahari ya 412 itasomeka karibu 377, nawe utaongeza dawa isiyohitajika.

Pima ualkali saa ile ile kila mara, uandike daftarini. Ukifungua chupa mpya ya kipimo, pima maji yale yale kwa chupa zote mbili, uandike tofauti yake.