Fundi Akishapiga Windows, Kazi Yako Ndiyo Inaanza

Laptopu nyingi zinazofika mezani kwetu kwenye kitengo cha TEHAMA zinafanana. Ukiifungua, akaunti inaitwa User, au PC, au hp. Haina neno la siri. Saa ya kwenye kona ya chini iko nyuma kwa saa 10 au 11. Hapo sina haja ya kumhoji mwenye mashine. Ametoka kwa fundi, na fundi “amepiga Windows”, yaani ameiweka upya.

Sina ugomvi na mafundi. Malipo wanayopata hayawaruhusu kukaa na mashine yako kutwa nzima, kwa hiyo wanahakikisha inawaka, ina Word, inacheza video, wanakurudishia. Yaliyobaki ni ya kwako, na ukikaa chini ukatulia hayazidi saa moja.

Anza na akaunti. Windows ina aina mbili za watumiaji. Yupo msimamizi, anayeweza kusakinisha chochote, kuzima ulinzi na hata kufungua mafaili ya watumiaji wengine. Yupo pia mtumiaji wa kawaida, anayefanya kazi zake zote za siku lakini haruhusiwi kuugusa mfumo. Akaunti ya kwanza inayofunguliwa Windows inapowekwa upya huwa ya msimamizi, na kwenye mashine nyingi za nyumbani ndiyo hiyohiyo moja mpaka laptopu inazeeka. Unaingia nayo mtandaoni, unafungulia barua pepe usizozijua, unachomekea fleshi ya jirani. Ni sawa na kwenda sokoni na funguo zote za nyumba zikining'inia shingoni.

Tangu Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, programu inayotaka kugusa mfumo hulazimika kuomba ruhusa kwanza: skrini inafifia, swali linatokea. Tatizo ni kwamba msimamizi hujibu kwa kubonyeza Yes tu, na sote tumeshazoea kuibonyeza kama mtu anayefukuza nzi, bila kuangalia. Mtumiaji wa kawaida hana njia hiyo ya mkato, maana anatakiwa kuandika neno la siri la msimamizi. Zile sekunde chache za kuandika zinatosha mtu kushtuka: hiki nilichofungua si kilikuwa tangazo la kazi? Mbona kinataka kusakinisha kitu?

Namna ya kupanga ni hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I ili ufungue mipangilio, ingia sehemu ya Accounts, kisha penye watumiaji wengine. Fungua akaunti mpya, ipe neno la siri, ifanye ya msimamizi. Toka, uingie kwa hiyo mpya uone kama inakubali. Ukishahakikisha, ukiwa humohumo, badilisha ile akaunti yako ya siku zote iwe Standard User, yaani mtumiaji wa kawaida, nayo uiwekee neno la siri. Mafaili yako hayatahama wala kupotea. Usianze kujishusha kabla ya kuijaribu ile mpya. Kama kuna watoto wanaoitumia mashine, kila mmoja apewe akaunti yake ya kawaida, na ugomvi wa nani kafuta kazi ya nani utapungua.

Je, neno la siri la msimamizi likisahaulika? Liandike kwenye daftari linalokaa kabatini. Najua wataalamu wenzangu watanuna, lakini mwizi wa mtandaoni hafungui kabati la nguo. Na nisikudanganye: akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Kirusi ulichokifungua mwenyewe bado kinaweza kuharibu mafaili ambayo wewe mwenyewe una ruhusa ya kuyabadilisha. Kwa hilo dawa ni nakala, nitalifikia.

Saa ni jambo dogo. Windows ikiwekwa upya mara nyingi hubaki na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ndiyo maana ya ule upungufu wa saa 10 au 11. Ingia penye tarehe na saa, chagua ukanda wa UTC+03:00 ulioandikwa Nairobi, ambao ndio huohuo wa Dar es Salaam na Kampala. Usirekebishe mishale tu ukauacha ukanda, kwa sababu mashine ikipata intaneti itairudisha saa kulekule. Ikiwa tarehe yenyewe inaruka hadi miaka ya nyuma kila ukizima, hilo si la mipangilio. Kuna kabetri kadogo kwenye ubao mama (motherboard), mara nyingi aina ya CR2032, kamechoka. Na tarehe ikikosewa, tovuti za benki na barua pepe zitagoma kufunguka zikidai muunganisho si salama, nawe utalaumu mtandao wa simu bure.

Sasa tuje kwenye linalonikera zaidi. Fungua Windows Security, nenda kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, shuka mpaka penye Exclusions, yaani orodha ya folda ambazo ulinzi umeambiwa usizikague. Kwenye laptopu iliyotoka kupigwa Windows hapatakiwi kuwa na kitu. Ukikuta folda hapo, aghalabu ni ya programu ya kufungulia leseni kwa njia za panya, yaani bila kuinunua. Ili ifanye kazi, ulinzi umeagizwa uangalie pembeni, na chochote kitakachoingia humo hakitaulizwa kinakwenda wapi.

Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi haikuhitajika kabisa. Tangu enzi za Windows 8, laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe. Ukiweka toleo lilelile lililokuja nayo, inajitambua ikishaona intaneti. Lakini mashine ilikuja na toleo la Home, fleshi ya fundi ina la Pro, leseni haikubali, basi inaletwa ile dawa ya kienyeji. Kabla hujamkabidhi mashine, angalia kwenye mipangilio, sehemu ya System halafu About, imeandikwa toleo gani, kisha mwambie fundi arudishe lilelile. Na hata Windows isiyo na leseni huendelea kupokea masasisho ya usalama. Itakuandikia maandishi kwenye kona na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma, basi.

Masasisho nayo huzimwa, kwa sababu wateja wanalalamika kwamba yanakula bando. Malalamiko ni ya haki, ila kuyazima ndiko kubaya. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Tundu ililopitia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Waliokuwa wamesasisha, tundu hilo kwao lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo usizime, bali panga. Kwenye mtandao unaotumia, kwa mfano hotspoti ya simu yako, washa chaguo la Metered connection, na Windows itaacha kushusha mizigo mingi bila kukuuliza. Masasisho makubwa ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 2 au saa 3 usiku kwa saa zetu. Mara moja kwa mwezi, ukiwa mahali penye Wi-Fi ya kueleweka, fungua Windows Update ubonyeze mwenyewe. Kama ungali na Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa nyongeza kwa watu binafsi wanaojiandikisha uliwekewa kikomo cha tarehe 13 Oktoba 2026.

Ukishasasisha, bonyeza Restart, usibonyeze Shut down. Tangu Windows 8 kuzima si kuzima kweli, maana mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili uwake haraka kesho. Kuna watu huzima kila siku, na kumbe mfumo wao haujaanza upya mwezi mzima. Matatizo mengi ya “inagandaganda” tunayoletewa huisha kwa Restart moja. Natamani tungekuwa tunatoza.

Fleshi zinazozunguka kwenye maduka ya steshenari zinahitaji mipangilio miwili tu. Fungua dirisha la mafaili, ingia View, washa kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili, yaani zile herufi za mwisho zinazotaja aina ya faili, kisha washa kuonyesha vilivyofichwa. Cha kwanza kitakuonyesha kwamba lile faili la “barua.pdf” jina lake kamili ni barua.pdf.exe, yaani programu iliyovaa kanzu ya barua. Cha pili kitakusaidia siku virusi vya shotikati vitakapoficha folda zako na kuweka vinyago mahali pake. Huenda zile halisi ukaziona zimefifia pembeni, hazijaenda popote.

Kuhusu nakala, kuna imani kwamba ukiweka kazi kwenye ile sehemu ya diski inayoitwa D, badala ya C yenye Windows, umeokoka. Fundi akifuta C peke yake, ni kweli. Lakini kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, diski ikifa vinazama pamoja. Nakala iwe kwenye diski nyingine unayoichomoa ukimaliza, au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Na kabla hujaondoka kwa fundi, hasa kama mashine ni mpya na ina Windows 11, uliza imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Nyingi hufunga diski kwa usimbaji (encryption) mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa dharura, namba yenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Siku mashine ikikuomba zile tarakimu baada ya kubadilishwa kifaa fulani ndani, na akaunti iliyotumika ilikuwa ya fundi ambaye ameshahamisha duka, hatuna la kukusaidia. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako, hakikisha namba ipo, ichapishe, uiweke pamoja na risiti ya laptopu.