Ushirikiano si ufadhili, na bia si ile ya chupa

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao mjini Kigoma, watu wa maktaba, wa nyaraka na wa makumbusho tumebanana chumba kimoja chenye feni moja. Hata chai ilikuwa haijafika, na tayari "ushirikiano wa kimkakati" ulikuwa umetajwa mara kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa napiga vijiti pembeni ya daftari. Kijiti kimoja kilikuwa cha kompyuta sita zilizotumika, zawadi kutoka ng'ambo. Kingine kilikuwa cha wanafunzi waliopelekwa Ujiji kutembea. Cha tatu kilikuwa cha picha: watu wawili wameshikana mikono mbele ya bango, kila mmoja ana kalamu. Nilipouliza baada ya ile picha kilifuata nini, nikaambiwa uhusiano ni mzuri.

Basi tuseme maana tuimalize. Ushirikiano wa kimkakati ni makubaliano ya muda mrefu kati ya taasisi mbili au zaidi, kila moja ikitoa kitu ambacho mwenzake hana, ili wafikie jambo ambalo hakuna anayeweza kulifikia peke yake. Maana haijawahi kuwa tatizo. Shida iko kwenye maneno yenyewe, ambayo tumeyavaa bila kuangalia ndani yameshonwaje.

Anza na "shiriki". Mzizi wake ni wa Kiarabu, na humo ndani kuna fungu: kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Kutoka hapo Kiswahili kimezaa ukoo mzima. Shirika. Mshirika. Ushirika, ambao mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hahitaji kuelezwa, maana makato yake anayaona kila msimu. Hata "ushirikina" umetoka humo humo, kwenye shirki, yaani kumpa Mwenyezi Mungu mwenza katika fungu lake. Baadaye tukaupeleka kwa waganga na hirizi, ila asili yake ni mgawo. Popote utakapolishika neno hili, kuna mtu mwenye fungu.

Sasa angalia viambishi, hapa ndipo ninapokasirika. "Kushiriki" ni kuwa na fungu. "Kushirikisha" ni kumpa mtu fungu. "Kushirikishwa" ni kupewa. "Kushirikiana" ni kupeana. Hiyo -an- ndogo ndiyo ile ile ya kupendana, kugombana na kuazimana. Haiwezi kwenda upande mmoja. Huwezi kusema "Juma amegombana" ukakomea hapo, lazima mtu atauliza: na nani? Lakini kila siku tunasema "tumepata ushirikiano", kama mtu aliyepata mafua. Ushirikiano haupatikani. Ukipata, umefadhiliwa, na ufadhili ni jambo jema lenye jina lake. Ukiitwa kwenye warsha ya mwisho kusikiliza mpango uliokwisha kuandikwa, umeshirikishwa, na hilo nalo lina jina lake, refu na baya kutamka: ushirikishwaji. Yote matatu tukiyaita ushirikiano, siku ushirikiano wenyewe utakapokuja hatutakuwa na neno la kuupokelea.

Kuna neno zuri zaidi, nalo tumewaachia wafanyabiashara: ubia. Vijana wa ofisini wakisikia "bia" wanawaza chupa yenye jasho. Bia ya zamani ni nyingine. Kula bia ni kula kwa kuchanga, huyu analeta unga, yule samaki wa mgebuka, wa tatu kuni na sufuria, na asiyeleta kitu halaumiwi, ila anaitwa mgeni, haitwi mbia. Mbia ana fungu kwenye chungu, na chungu kikiungua, yeye naye analala njaa. Hiyo sehemu ya pili ndiyo watu huisahau.

Wakutubi wa vyuo vikuu hapa nchini wanakula bia, ingawa hawaiiti hivyo. Majarida ya kitaaluma ya kielektroniki ni ghali, chuo kimoja kidogo hakiwezi bei yake. Wakaunda muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, unaojulikana kwa kifupi COTUL, wanachanga ada na kujadili bei kwa pamoja na wauzaji. Kila mwaka swali ni moja: nani amelipa? Hakuna bango wala kalamu mbili, kuna ankara. Ukitaka kujua ubia wa kweli unanukaje, unanuka ankara.

Turudi kwa hilo la pili, "kimkakati". Siku hizi kila kitu ni kimkakati, barabara, zao, hata kikao. Kigoma wanalijua neno hili kupitia chikichi, iliyoitwa zao la kimkakati kwa sababu nchi inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje. Hapo neno limetulia: kuna pengo linalojulikana, kuna zao lililochaguliwa kuliziba, na kuchagua chikichi maana yake kuna zao lingine halikuchaguliwa. Mkakati bila kuacha kitu ni orodha ya matamanio tu. Ukiniambia makumbusho yako ina ushirikiano wa kimkakati na taasisi kumi na nne, nitakuuliza ni ipi uliyoikataa.

Na "kanda", kwa kifupi, maana kuna mtu kwenye kikao kile alituletea karatasi yenye maneno "ushirikiano wa kimkoa" akimaanisha nchi na nchi. Mkoa ni Kigoma, mkoa ni Tabora. Kanda huwa inafunga mikoa, kama hii yetu ya Magharibi, au inafunga nchi, kama ukanda wa Afrika Mashariki. Neno ni ukanda ule ule wa kiunoni. Kwa mtu wa Kigoma si jambo la kuchezea, kwa sababu Bujumbura iko karibu naye kuliko Dodoma, na Ziwa Tanganyika lina nchi nne, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Watu wa nyaraka wa mashariki na kusini mwa Afrika waliliona hili mapema. Chama chao cha kanda, ESARBICA, kipo tangu 1969. Ndiyo kanda hiyo. Mkoa una mkuu wa mkoa.

Mfano ninaoupenda uko njiani kati ya Kigoma na Tabora. Mwaka 2006 Tanzania iliweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayotarajiwa kupendekezwa kuwa urithi wa dunia. Vituo ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko hapa Tabora, kwenye tembe alilokaa David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Scotland, mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Ujiji iko Kigoma, na ndipo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta mwaka mmoja kabla. Mgeni anayekuja anaviona kama vijumba viwili vya mzungu mmoja. Lakini lile pendekezo ni la njia. Njia haina kituo kinachotosha chenyewe. Kwihara ikiporomoka ukuta, Ujiji nayo imepungua thamani, hata kama haijaguswa na tone la mvua. Hicho ndicho chungu kimoja. Kwa hiyo mhifadhi wa Ujiji anapaswa kuamka usiku akisikia mvua ya Tabora, na asipoamka, tunachonacho ni majirani wema.

Kuna karatasi za Livingstone pia. Mwaka 1871, akiwa ng'ambo ya ziwa huko Manyema, aliishiwa na karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, kwa wino wa mmea wa huko, mistari ikipita juu ya maandishi ya gazeti. Wino ukafifia, na kurasa zikaja kugawanyika, nyingine katika kituo chake cha kumbukumbu huko Blantyre, Scotland, nyingine Maktaba ya Taifa ya Scotland. Zaidi ya karne nzima hazikusomeka vizuri. Kuanzia 2010 wahifadhi, wanahistoria na wataalamu wa picha kutoka Uingereza na Marekani walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali mpaka wino ukajitenga na gazeti, na mwaka uliofuata zikawekwa kwenye intaneti kila mtu azisome. Makumbusho ilikuwa na kurasa, haina mashine. Wenye mashine hawakuwa na kurasa. Wanahistoria hawakuwa na vyote viwili, ila walijua kinachotafutwa. Ondoa mmoja, hakuna shajara. Hapo "kimkakati" naliandika bila kukunja uso.

Mtu wa Kigoma akisoma hayo huwa anasema, kwa unyonge kidogo, wenzetu wana vifaa, sisi tuna nini? Unyonge huu ndio unaotufanya tuuite ufadhili ushirikiano, tukidhani neno kubwa litaziba mikono mitupu. Lakini mikono si mitupu. Tazama Gombe, hifadhi ya sokwe hapo Kigoma kando ya ziwa. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika 1960. Mei 1975 waasi kutoka Kongo walivuka ziwa wakateka watafiti wanafunzi wanne, na wageni wengi wakaondoka. Kazi haikusimama. Wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, watu wa vijiji vya hapo hapo kando ya ziwa, waliendelea kufuata sokwe asubuhi mpaka jioni na kuandika, kwa Kiswahili, kwa mkono, siku baada ya siku. Kumbukumbu hizo baadaye zilihifadhiwa na kuingizwa kwenye kompyuta katika vyuo vikuu vya Marekani, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini. Huko walikuwa na makabati na kompyuta. Fungu letu ni maandishi yenyewe, na lugha yake. Anayefungua daftari hilo asiyejua Kiswahili anahitaji mtu. Mwenye fungu la namna hiyo haingii kwenye mazungumzo kupitia mlango wa jikoni.

Lingine la pembeni, nikumbuke nisije nikalisahau. Katika sheria yetu ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka, ile namba 3 ya mwaka 2002, "kumbukumbu" na "nyaraka" ni vitu viwili. Kumbukumbu ni majalada yanayotumika ofisini, ya masjala. Nyaraka ni yale yaliyochaguliwa kutunzwa daima. Kila kikao huyachanganya. Pamoja na hayo, "kumbukumbu" na "makumbusho" ni mtu na ndugu yake, yote yametoka kwenye kukumbuka. Na "maktaba" ni ndugu na "mkataba", yote yametoka kwenye kuandika. Lugha ilitufunga undugu kabla ya semina ya kwanza.

Jioni, kikao kimekwisha, tunasubiri usafiri, kijana aliyekuwa mwandishi wa muhtasari alinifuata. Alikuwa ameona vijiti vyangu.

"Shikamoo mama. Sasa zile kompyuta sita nizilete kwenye muhtasari kwa jina gani?"

"Marahaba. Andika msaada."

"Mkuu atasema nimeushusha mradi."

"Hujaushusha. Andika msaada, na chini yake andika shukrani kwa aliyetoa. Wakirudi, waulize wanataka nini kutoka kwetu. Wakikutajia kitu, na sisi tukawa nacho, niletee hilo jalada tubadilishe neno."

Akaandika "msaada". Halafu akasita, akauliza kama herufi ya kwanza iwe kubwa.