Sio nyimbo kukatwa jamani

Kila tamthilia ya muziki ikitolewa jukwaani ikafanywa filamu, mashabiki wa tieta wakilalamika utasikia watu wanasema "hao wamekasirika tu kwa sababu nyimbo zimekatwa". Hapana. Angalia Chicago ya 2002, wimbo wa "Class" ulirekodiwa kabisa halafu ukaondolewa, na bado filamu ikabeba Oscar ya filamu bora na watu wengi wa tieta wanaipenda mpaka leo. Halafu njoo Les Misérables ya 2012, nyimbo karibu zote zimo, wakaongeza na mpya moja, waigizaji wakaimba laivu mbele ya kamera huku piano wanaisikia kwenye kifaa cha sikioni, na manung'uniko yakawa mengi kweli.

Shida ni umbali. Jukwaani mwimbaji anamwimbia mpaka yule wa siti ya nyuma kabisa, mikono inafunguka, sauti inapanda, akimaliza ukumbi unalipuka makofi na yeye anasubiri, na kile kimya kifupi kabla ya makofi nacho ni sehemu ya wimbo. Kwenye filamu kamera imemganda usoni, unaona machozi, kamasi, mpaka meno, anaimba kama ananong'ona, wimbo ukiisha tu sini inakatwa tunaenda kwingine, na wewe moyo umejaa huna pa kuumwaga. Chicago ilipona kwa sababu nyimbo zake nyingi zinatokea kichwani kwa Roxie, mhusika mkuu, kwenye jukwaa analoliwaza mwenyewe, na makofi yamo humohumo.