Uchangishaji wa Fedha za Utafiti wa Kairopraktiki ya Shingo ya Juu: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kutoa

Malalamiko kuhusu michango ya utafiti wa kairopraktiki ya shingo ya juu, yaani tiba ya kurekebisha pingili za juu za shingo, hasa kwa mikono, yanayofika katika kitengo chetu cha maadili ya utafiti yameongezeka, na mengi yanafanana. Kuna mgonjwa aliyechangia akiamini kwamba amelipia nafasi yake ya kutibiwa. Kuna mfadhili anayehoji kwa nini fedha zake zimemlipa mtakwimu na kampuni ya bima. Yupo pia mtaalamu wa tiba ambaye amepokea michango kwa muda mrefu ilhali hana itifaki ya utafiti, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, ambayo kamati yoyote ya maadili imeipitia. Tunaamini kwamba wengi wa wahusika hawa wana nia njema, na ndiyo sababu tumeona ni afadhali kueleza taratibu hizi mapema kuliko kusubiri hadi hatua za kinidhamu zichukuliwe.

Kairopraktiki ilianza Davenport, Iowa, nchini Marekani, mwaka 1895 kwa kazi ya D. D. Palmer. Mwanawe, B. J. Palmer, ndiye aliyeuelekeza mkazo kwenye pingili mbili za juu kabisa za shingo, yaani atlasi na aksisi, na tangu wakati huo zimezaliwa mbinu kadhaa zenye vipimo na mikono tofauti. Tofauti hizo zina uzito katika suala la fedha. Mbinu moja humlaza mgonjwa kwa ubavu na kutumia mgandamizo mwepesi wa mkono baada ya kupima picha za eksirei, ilhali nyingine hutumia msukumo wa ghafla au kifaa. Tangazo la harambee linaloomba fedha za kuchunguza "kairopraktiki ya shingo ya juu" bila kutaja ni mbinu ipi, kwa ugonjwa upi, na itapimwa kwa kigezo gani, halijasema linaomba fedha za nini.

Karibu kila kijitabu cha uchangishaji tunachokipitia kinataja utafiti mmoja, ule uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2007 katika jarida la Journal of Human Hypertension chini ya uongozi wa daktari George Bakris. Wagonjwa 50 wenye shinikizo la juu la damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walirekebishwa atlasi na wengine walifanyiwa utaratibu bandia uliofanana nao. Baada ya wiki 8, bila dawa za shinikizo, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa milimita 17 za zebaki katika kundi la tiba na milimita 3 katika kundi la tiba bandia, na kipimo cha chini kilishuka kwa 10 dhidi ya 2. Matokeo hayo ni makubwa, na yanastahili kabisa kufuatiliwa kwa fedha na kwa umakini. Hata hivyo kichwa cha makala hiyo chenyewe kinasema kwamba ulikuwa utafiti wa awali, na utafiti wa awali hufanywa ili kujua kama inafaa kuandaa utafiti mkubwa zaidi.

Kijitabu hichohicho mara nyingi hakitaji kilichofuata. Mwaka 2016 Christine Goertz na wenzake walichapisha jaribio la awali lenye washiriki 51, ambamo pingili za juu za shingo zilirekebishwa kwa mbinu nyingine, pia kukiwa na kundi la tiba bandia. Baada ya wiki 6 hapakuwa na tofauti ya kitakwimu baina ya makundi, na kupungua kidogo kwa shinikizo kulionekana upande wa tiba bandia. Kwa wagonjwa wa kipandauso, utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha watu 11, bila kundi linganishi, ulionyesha kwamba siku za maumivu zilipungua, lakini kipimo kikuu ambacho watafiti walikuwa wamekichagua tangu mwanzo, kinachohusu unyumbufu wa mazingira ya ndani ya fuvu, yaani uwezo wake wa kuhimili mabadiliko ya shinikizo, hakikubadilika kwa kiwango kinachokubalika kitakwimu. Watafiti hao waliyasema hayo wazi katika makala yao. Wanaochangisha nao wanapaswa kuyasema. Kumwonyesha mchangiaji utafiti wa 2007 na kumficha ule wa 2016 ni kupata fedha zake kwa taarifa nusu, na hatuoni sababu ya kulizunguka jambo hilo kwa maneno laini.

Suala la usalama nalo limezungukwa na dhana potofu ambayo tumeisahihisha mara nyingi. Utafiti wa mwaka 2011 uliowafuatilia wagonjwa 1,090 wa kairopraktiki ya shingo ya juu uligundua kwamba asilimia 31 walipata dalili mpya au kuzidi kwa dalili za zamani baada ya kurekebishwa, na kwamba hapakutokea madhara makubwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayonukuliwa kana kwamba imefunga mjadala. Mtakwimu ana kanuni nyepesi kwa hali kama hii: tukio lisipotokea hata mara moja katika watu fulani, gawanya 3 kwa idadi yao, na jibu litakuonyesha kiwango cha juu ambacho tukio hilo bado linaweza kuwa nacho. Gawanya 3 kwa 1,090 na utapata takribani mtu 1 katika kila watu 363. Kwa madhara kama kuchanika kwa ukuta wa mshipa wa damu wa shingo, ambayo ni nadra sana lakini yanaweza kuleta kiharusi, kiwango hicho bado kiko mbali mno na uhakika. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba wagonjwa waelezwe, kabla ya shingo kushikwa, juu ya uhusiano wa kitakwimu uliopo kati ya tiba ya kuzungusha au kusukuma shingo na mchaniko huo, ingawa ushahidi kwamba tiba ndiyo chanzo haujathibitika. Baadhi ya watu huenda kwa mtaalamu kwa sababu tayari wana maumivu yanayotokana na mchaniko wenyewe. Onyo hilo linaihusu pia fomu ya ridhaa ya mshiriki wa utafiti, na kamati haitaipitisha fomu isiyokuwa nalo.

Sasa tuangalie fedha zinakokwenda, kwa kuwa hapa ndipo wachangiaji wengi hukasirika bila sababu. Meza ya matibabu na mikono ya mtaalamu ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa humezwa na kundi linganishi, kwa sababu kuunda tiba bandia ya mikono ni kazi ngumu kuliko kutengeneza kidonge bandia: mshiriki lazima alazwe vilevile, aguswe mahali panapofanana, akae muda uleule, na mwishoni aulizwe anadhani alikuwa kundi gani, ili ijulikane kama siri ilihifadhika. Anayempima shinikizo la damu asiwe yule aliyemrekebisha, na asijue mshiriki yuko kundi lipi. Hapo umeshaajiri watu wawili ambapo zahanati ingetumia mmoja. Ongeza mtakwimu, msimamizi wa takwimu, bima ya washiriki, nauli zao, picha za eksirei au za MRI na mtu huru wa kuzisoma. Nayo idadi ya washiriki haipangwi kwa kukisia: ukitaka kupunguza ukubwa wa shaka katika jibu kwa nusu, unahitaji washiriki mara nne, wala si mara mbili. Mfadhili anayedai kwamba "asilimia mia ya mchango iende kwenye utafiti wenyewe" na kukataa gharama hizi anadai utafiti ambao majibu yake hayataaminiwa na mtu yeyote.

Utaratibu wenyewe unaanza na itifaki. Hati hiyo hutaja swali moja kuu, kigezo kimoja kikuu cha kupima, idadi ya washiriki na hesabu iliyoizaa, jinsi makundi yatakavyogawanywa, lini jaribio litasimamishwa kwa ajili ya usalama, na bajeti. Kisha hupelekwa kwenye kamati ya maadili pamoja na fomu ya ridhaa, wasifu wa watafiti, na tamko la mgongano wa maslahi. Mtaalamu anayejipatia riziki kwa mbinu inayochunguzwa ana maslahi, na anapaswa kuyaandika. Kuyaandika hakumwondoi katika utafiti, kuyaficha ndiko kunakomwondoa. Kamati inaweza kuidhinisha, kurudisha kwa marekebisho, au kukataa. Baada ya idhini, jaribio husajiliwa katika sajili iliyo wazi kwa umma, kama vile ClinicalTrials.gov, kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Sharti hili limo katika Tamko la Helsinki, yaani kanuni za kimataifa za maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, tangu marekebisho ya 2008, na Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imekuwa ikilisimamia tangu 2005. Jaribio lililosajiliwa kwa kuchelewa linaweza kukataliwa na majarida hata kama lilifanywa vizuri, na fedha za wachangiaji zitakuwa zimeliwa na kosa la makaratasi.

Kuchangisha fedha kabla ya idhini kunaruhusiwa, mradi tangazo liseme wazi kwamba idhini haijapatikana na lieleze fedha zitafanywaje ikikosekana. Kukusanya takwimu za wagonjwa kabla ya idhini hakuruhusiwi, na kamati haitoi idhini ya kurudi nyuma. Tunapobaini ukiukaji, hatua ya kwanza ni barua ya kutaka maelezo. Ya pili ni kusitisha uandikishaji. Ya tatu ni kufuta idhini na kuitaarifu taasisi ya mtafiti, wafadhili na bodi inayompa leseni. Takwimu zilizokusanywa nje ya idhini hazitumiki katika ripoti, hata kama zinapendeza.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya uchangishaji wa fani hii hufanyika Marekani, sheria za huko zinafaa kufahamika na yeyote anayeombwa mchango kutoka huko. Taasisi inayojiita ya hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi hujaza kwa mamlaka ya kodi taarifa ya mwaka ya kundi la fomu 990, na mwananchi yeyote anaweza kudai kuziona taarifa za miaka mitatu ya karibuni. Isiyowasilisha kwa miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wake wa kodi moja kwa moja. Mchango wa dola 250 au zaidi hauwezi kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi bila hati ya maandishi inayosema kama mchangiaji alipewa kitu. Mfano unaotuletea maswali mengi ni huu: mtu anatoa dola 100 na kuzawadiwa huduma ya kurekebishwa shingo yenye thamani ya dola 40. Anachoweza kudai ni dola 60 tu, na kwa kuwa malipo yake yamezidi dola 75, taasisi inalazimika kumwandikia makadirio hayo. Isipofanya hivyo, adhabu ni dola 10 kwa kila mchango, hadi dola 5,000 kwa shughuli moja ya uchangishaji. Majimbo mengi pia hudai taasisi isajiliwe kabla ya kuomba michango kwa wakazi wake, na kuomba kupitia mtandaoni hakuondoi wajibu huo.

Mchango uliotengwa kwa ajili ya matibabu ya mtu fulani aliyetajwa jina ni msaada kwa mtu huyo. Unaweza kuwa msaada mwema sana, lakini hauna uhusiano wowote na utafiti, na sheria ya kodi ya Marekani haiutambui kuwa mchango wa hisani. Vivyo hivyo, mchangiaji hanunui nafasi katika jaribio. Washiriki huchaguliwa kwa vigezo vya itifaki, na makundi hugawanywa kwa bahati nasibu. Hata aliyetoa fedha nyingi kuliko wote, akikidhi vigezo na akaandikishwa, anaweza kuangukia kwenye tiba bandia. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya miaka mingi aliyeuza alichonacho akitumaini kupona, kuelezwa hivyo baada ya kutoa ni ukatili, na ndiyo maana tunasisitiza aelezwe kabla. Mgonjwa wa shinikizo la damu aelezwe pia, kwa maandishi, kwamba asiache dawa zake kwa sababu ya kusoma tangazo la harambee. Waliokaa bila dawa katika utafiti wa Chicago walikuwa wakisimamiwa na madaktari kwa muda wote huo.

Mfadhili mkubwa ana haki ya kupata taarifa ya matumizi, hesabu zilizokaguliwa, na maelezo ya maendeleo kwa vipindi vilivyokubaliwa. Hana haki ya kusoma matokeo ya makundi kabla ya wakati, kubadilisha kigezo kikuu, wala kuzuia uchapishaji. Mikataba inayompa mfadhili kura ya turufu juu ya uchapishaji huwa tunairudisha bila kuijadili. Tamko la Helsinki linataka matokeo yasiyopendeza yatangazwe sawasawa na yanayopendeza, na wachangiaji wa jaribio ambalo halikuonyesha faida wamepata walichokilipia, pengine kwa ukamilifu kuliko walioshangilia jaribio dogo.

Linabaki swali la fedha zisizotumika, ambalo matangazo mengi hayaligusi. Jaribio likisimamishwa, au likishindwa kupata washiriki wa kutosha, salio lifanyiwe kile kilichoandikwa kwenye tangazo la awali: lirudishwe, au lihamishiwe kwenye utafiti mwingine ulioidhinishwa wa fani hiyohiyo. Kulihamishia kwenye matangazo ya zahanati, ukarabati wa jengo au posho za mikutano ni matumizi mabaya ya fedha za hisani. Anayeombwa mchango aombe kwanza namba ya usajili wa jaribio, jina la kamati iliyoidhinisha na tarehe ya idhini, kisha ailinganishe namba hiyo na sajili yeye mwenyewe. Ikiwa jaribio halijasajiliwa, aombe barua inayoonyesha kwamba itifaki imepokelewa na kamati, na asitoe hadi aione.