Eti Armenia ni kebabu tu? Mimi naishi Yerevan, mji mkuu wa huko, ngoja niwaambie

Kila nikiongea na watu wa nyumbani swali ni lile lile, huko unakula nini, si kebabu tu na ni nchi ya Kiislamu kwa hiyo nguruwe hupati. Hapana jamani. Armenia walifanya Ukristo dini ya taifa tangu mwanzoni mwa karne ya 4, wenyewe wanataja mwaka 301, na nyama choma yao inaitwa khorovats, mara nyingi ni kitimoto, mapande makubwa ya mbavu kwenye vyuma virefu juu ya makaa, pembeni nyanya, hoho na bilinganya zinachomwa nzima nzima mpaka ganda linakuwa jeusi halafu wanamenya. Usiposema unataka kondoo au kuku, ujue hiyo ndiyo inakuja.

Wengine wakiona picha za lavash wanasema hiyo chapati. Siyo. Haina tone la mafuta, ni unga, maji na chumvi, na inaokwa kwenye tonir, jiko la udongo lililochimbiwa chini. Nimekaa nikawaangalia akina mama wakiifanya, mmoja anasukuma, mwingine anairusha mkono kwa mkono mpaka inakuwa nyembamba kama kitambaa, anaitandaza kwenye mto kama ule wa kulalia halafu anainama anaibandika ukutani mwa jiko, haifiki hata dakika imeiva. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2014 na mimi naona ni haki yao kabisa.

Halafu kuna hii ya kwamba vyakula vyao ni vigeni sana kwetu. Mtu wa Dar aliyezoea supu ya makongoro asubuhi nimpeleke akale khash wakati wa baridi uone! Ni kwato za ng'ombe zilizochemka usiku kucha bila chumvi, inaliwa asubuhi, chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa unajiwekea mwenyewe mezani, unavunjavunja lavash kavu humo ndani mpaka kijiko kinasimama, na wenyeji wanashushia na vodka. Ila hailiwi haraka haraka, watu wanakaa masaa.

Maji ya kununua? Mjini kuna pulpulak kila kona, vibomba vya mawe, maji ya baridi, bure, unainama unakunywa.

Na wanaosema kule asiyekula nyama atalala njaa hawajaijua zhingyalov hats, mkate uliojazwa majani ya aina nyingi yakakatwa katwa, ukachomwa kwenye bati la moto. Asili yake Karabakh, eneo la milima ndani ya Azerbaijan walikokuwa wakiishi Waarmenia, na watu wa huko zaidi ya laki moja walikimbilia Armenia Septemba 2023 wakaacha kila kitu. Ukipata mama wa Karabakh anauza, nunua kwake, na ule pale pale ukiwa bado wa moto.