Geini ya Amplifaya ya Pikipiki Si Volyumu

"Fundi, nifungulie geini yote, nataka sauti." Katika muda wote ambao nimekuwa nikifunga redio na spika kwenye pikipiki hapa Busia, mji ambao neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwa watu waliokuwa wakivushwa mpakani kwa baiskeli, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko hayo. Wiki iliyopita yalitoka kinywani mwa kijana aliyeniletea jozi yake ya tatu ya spika tangu mwaka uanze. Niliifungua moja, nikaweka vidole gumba pande mbili za koni na kuisukuma taratibu, nikasikia mkwaruzo kama wa mchanga ndani ya sufuria. Nilipoipasua, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, iliyopaswa kuwa na rangi ya shaba ilikuwa nyeusi, nyaya zake zimeachana na kujikunja, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa kibandani. Skrubu ya geini kwenye amplifaya yake ilikuwa imezungushwa hadi mwisho. Yeye aliamini kwamba ameuziwa spika feki. Spika feki zipo sokoni, tena si chache, lakini hizi zilikuwa nzima siku alipozinunua.

Dhana iliyoziua ni ile inayosema kwamba geini ni volyumu ya pili, na kwamba asiyeifungua yote anaacha nguvu alizozilipia zikiwa zimelala ndani ya amplifaya. Geini haipimi nguvu. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na chombo kinachoiletea sauti, kiwe redio, simu au kipokezi cha bluetooth. Ukiisafisha vumbi na kuitazama vizuri, utaona kwamba amplifaya nyingi zimeandikwa volti kando ya skrubu hiyo, kwa mfano 0.2 upande mmoja na 4 au 6 upande wa pili. Ikiwekwa kwenye 0.2, maana yake ni kwamba amplifaya itatoa nguvu zake zote mara tu itakapopokea volti 0.2, ikiwekwa kwenye 4, itasubiri mpaka ipokee volti 4 ndipo ifike kilele kilekile. Kilele hakibadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa volyumu ambapo kilele hicho kinafikiwa.

Hapo ndipo macho na masikio yanapodanganywa. Mwenye redio inayotoa volti 2 akifungua geini hadi 0.2, amplifaya yake inamaliza uwezo wote wakati redio imetoa sehemu moja tu ya kumi ya volti zake. Muziki unavuma volyumu ikiwa bado kwenye namba za mwanzo, naye anaamini kwamba fundi amemwongezea nguvu, kumbe hajaongezewa hata wati moja. Jerikeni ya lita 20 haiwezi kubeba lita 30 kwa sababu bomba limefunguliwa kwa kasi; inajaa mapema, na yanayofuata yote yanamwagika.

Kinachomwagika kwenye amplifaya ndicho kinachounguza spika. Wimbi la sauti likitakiwa kupanda juu kuliko volti ambazo amplifaya inazo, ncha yake hukatwa na kubaki bapa, nasi tunasikia sauti inayokwaruza, hasa mwimbaji anapopaza. Wimbi lililokatwa kabisa likawa na umbo la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kimo kilekile, kwa hiyo amplifaya ya wati 50 safi inaweza kuisukumia spika joto la karibu wati 100 ikiwa umeme upo. Juu ya hayo, zile kona kali za wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwamo kwenye wimbo, nazo zote hupitia kapasita, kifaa kinachopitisha sauti za juu tu, na kuingia kwenye twita, spika ndogo ya sauti hizo, ambayo koili yake ina waya mwembamba sana. Ndiyo maana twita hufa kwanza, na mwenye pikipiki huja akisema kwamba spika "imepoteza ukali", kisha anaomba geini iongezwe ili ukali urudi. Ombi hilo nimelikataa mara nyingi na nitaendelea kulikataa, hata mteja akihamia kwa fundi mwingine.

Dhana ya pili inatembea pamoja na hiyo ya kwanza: kwamba wati zilizoandikwa kwenye kasha la amplifaya ndizo wati zilizomo. Tazama fyuzi. Amplifaya ndogo yenye fyuzi ya ampea 10, ikilishwa na betri ya volti 12.5, haiwezi kuvuta zaidi ya wati 125 kwa muda wowote wa maana bila fyuzi kukatika, na sehemu ya wati hizo hupotea kama joto. Kasha linaweza kusema 500 au 1000, lakini umeme hausomi kasha. Zaidi ya hayo, amplifaya nyingi za pikipiki hazina sehemu ya kupandisha volti ndani yake, kwa hiyo wimbi lao haliwezi kupanda juu ya volti za betri yenyewe. Kwa betri ya 12.5, mita ya umeme, ambayo haisomi kilele cha wimbi bali wastani wake, haitasoma zaidi ya volti 8.8 kinadharia, na kwa uhalisia utapata 7.5 hadi 8, ambazo kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) ni kama wati 15 kwa kila upande. Wati 15 zilizo safi zinasikika vizuri mno. Tatizo ni la yule anayesoma 500 kwenye kasha, anazidisha kwa omu 4, anatafuta kipeuo cha pili cha 2000, anapata volti 44.7, kisha anazungusha geini akizifukuzia volti ambazo hazitafika kamwe.

Hesabu yenyewe ni sahihi, mradi uanze na wati za kweli: zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 50 kwa omu 4 ni volti 14.1, wati 20 kwa omu 4 ni 8.9. Nami hupima hivi. Nazima besi ya ziada na kuacha ekwalaiza, kirekebishi cha besi na sauti kali, ikiwa tambarare, kwenye redio na kwenye simu pia. Narudisha geini hadi chini kabisa na kuchomoa nyaya za spika. Nacheza mlio wa majaribio wa hezi 400 (mitetemo 400 kwa sekunde) uliorekodiwa kwa kimo kamili, kutoka kwenye simu ileile ambayo mwenyewe huitumia, simu ikiwa kwenye sauti yake ya mwisho na redio ikiwa kwenye robo tatu ya volyumu. Kisha naweka mita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya amplifaya nilikochomoa nyaya za spika, na kuipandisha geini kidogokidogo mpaka nipate ile namba niliyoikokotoa, hapo nasimama.

Wengine hutumia mlio wa hezi 50 kwa sababu ndio waliokuta umependekezwa kwa besi za magari. Kwenye pikipiki ni kosa, kwa kuwa spika ndogo za pikipiki zinapaswa kuwekewa kichujio kinachozuia sauti zilizo chini ya hezi 100 hivi, na kichujio hicho kitaupunguza mlio wa 50 kabla haujafika kwenye mita, nawe utaendelea kuongeza geini bila sababu. Sitaki kwenda hadi hezi 1000 pia, kwa maana mita nyingi za bei nafuu hazisomi sawasawa umeme wa AC uliovuka hezi 400. Asiye na mita kabisa arudishe nyaya za spika, acheze mlio huo kwa sekunde chache tu, apandishe geini mpaka filimbi safi ianze kuwa na mkwaruzo, kisha airudishe nyuma hadi usafi urudi na kuishusha kidogo zaidi ya hapo.

Jambo moja nalishikilia kuliko mafundi wengi: napima injini ikiwa imezimwa. Injini ikiunguruma, betri hupata volti 14 hivi na kilele cha amplifaya hupanda, lakini mwendesha boda husikiliza muziki zaidi akiwa stegini anasubiri abiria, injini kimya, betri ikishuka kuelekea 12. Geini iliyowekwa kwa volti 14 itaanza kukata mawimbi hapo stegini, na mwenyewe hatajua ni kwa nini asubuhi ilikuwa safi na mchana inakwaruza.

Yapo mengine ambayo hayahitaji maneno mengi. Wanaosema amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa wamesahau mawimbi yaliyokatwa. Twita haijui amplifaya ina jina gani. Wanaosema "weka geini katikati, ni salama" wanakisia tu, kwa sababu katikati ya skrubu ni hatari kwa redio ya volti 4 na ni hafifu kwa kipokezi kinachotoa nusu volti. Kibonyezo cha besi kikiongeza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sauti za chini zinadai nguvu mara nne, nazo hazipo. Kwenye pikipiki inayokimbia upepo huifunika besi hiyo kwa vyovyote vile, kwa hiyo kizime. Kelele ya "shhh" nyimbo zikinyamaza mara nyingi ni geini iliyozidi, wakati mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini hudai kwanza uangalie waya wa ethi, ambao unapaswa kufungwa kwenye chuma cha chasisi kilichokwanguliwa rangi.

Kwa anayetaka kusikika barabarani, ushauri wangu ni kununua spika yenye wepesi wa kutoa sauti badala ya kuitesa amplifaya. Desibeli za wepesi huo huandikwa kwenye karatasi ya spika: ile ya 93 ikilishwa wati 15 inalia sawa na ya 87 iliyolishwa wati 60, na betri ndogo ya pikipiki itakushukuru.

Kijana wa jozi tatu nilimfungia spika mpya, nikapima, na skrubu ikasimama mbali sana na mwisho ule aliouzoea. Nilimwomba apandishe volyumu hadi kwenye alama ya robo tatu, akasikiliza wimbo mzima bila kusema neno, kisha akaniuliza kama nimebadilisha amplifaya. Niliweka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili ikiguswa nijue, na nikamweleza kwamba siku atakayobadilisha simu au redio aje tupime upya, kwa kuwa volti zitakazoingia hazitakuwa zilezile.